Kunyamazisha si Kutuliza: Mchezo wa Mzazi na Mtoto katika Fasihi Simulizi ya Pwani

Utangulizi

Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi anaikumbuka orodha ya dhima iliyomo katika madaftari yetu: fasihi simulizi huburudisha, huelimisha, huonya, huhifadhi historia na hukuza lugha. Bembezi, tunaambiwa, huimbwa ili mtoto alale. Kitendawili hunoa bongo. Michezo ya watoto hujenga ushirikiano. Orodha hiyo ni ya kweli, lakini ina upungufu mmoja ambao makala hii inakusudia kuueleza. Inasahau kwamba tanzu hizi, kabla ya kuwa maswali ya mtihani, zilikuwa vyombo vya kazi mikononi mwa mlezi. Kazi yenyewe ilikuwa nzito: kumfundisha kiumbe mdogo, asiyejua saa wala sababu, namna ya kuishi na hasira yake, hofu yake, wivu wake na hata furaha yake inapopita kiasi.

Makala inaitazama kazi hiyo katika mazingira ya Bofu, mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Likoni, ng'ambo ya kusini ya kisiwa cha Mombasa. Bofu imeteuliwa kwa sababu ni mahali ambapo Kiswahili cha pwani kinaishi bega kwa bega na Kidigo na lugha za bara, na ambapo maisha ya mjini yameyabadilisha malezi kwa kasi. Swali letu ni hili: mzazi anapocheza na mwanawe, ni nini hasa kinachotendeka katika moyo wa mtoto, na fasihi simulizi ina nini cha kumpa mzazi huyo leo?

Vitenzi vya Kumtuliza Mtoto

Tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili hakikutosheka na kitenzi kimoja kwa shughuli hii. Tuna kubembeleza, kutumbuiza, kuongoa, kuliwaza, kupumbaza, kutuliza na kunyamazisha. Kubembeleza ni ndugu wa bembea. Ndani ya neno hilo lugha imehifadhi mwendo wa mikono inayompeleka mtoto na kumrudisha. Kutumbuiza kumebeba sauti ya wimbo. Kuongoa kuna maana mbili zinazokaa pamoja: kumwimbia mtoto mpaka atulie, na kumwonyesha mtu njia iliyonyooka. Waliomtuliza mtoto kwa neno hili walikuwa tayari wanalitaja lengo la malezi, wapende wasipende.

Kitenzi cha mwisho katika orodha yetu kina tofauti kubwa na wenzake. Kunyamazisha kunahusu sauti ya mtoto. Kutuliza kunahusu moyo wake. Kofi hunyamazisha. Pipi hunyamazisha. Simu anayokabidhiwa mtoto wa miaka miwili ili aangalie vikaragosi humnyamazisha upesi kuliko vyote. Lakini mtoto aliyenyamazishwa hakujifunza lolote kuhusu hasira iliyompata, na hasira hiyo itakaporudi kesho atakuwa mgeni nayo kama alivyokuwa jana. Kuhusu skrini, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 likipendekeza kwamba mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na kwamba wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Kuhusu kofi na kiboko, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Hata hivyo, sheria huweza kumnyang'anya mzazi kiboko bila kumpa kitu kingine mkononi. Hapo ndipo mchezo unapohitajika.

Dhana ya Kujitawala

Kujitawala kwa mtoto ni uwezo wa kuhisi jambo kwa nguvu bila kutawaliwa nalo: kungoja zamu, kuacha anapoambiwa basi, kushindwa bila kugaragara chini, kutulia baada ya kilio. Uwezo huu hauzaliwi na mtu. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo inahusika na kuzuia pupa na kupima matokeo, huendelea kukomaa hata baada ya mtu kutimiza miaka ishirini. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu anayejitupa sakafuni kwa sababu kikombe chake kimepewa mwenzake hana lazima ya kuwa mkaidi; anadaiwa kitu ambacho bado hana. Katika umri huo huazima utulivu wa mtu mzima aliye karibu naye. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na katika jambo hili pia walisema kweli: utulivu wa kuazima hautoshi maisha yote. Mtoto anapaswa kushona wake, na uzi wa kushonea ni mazoezi mengi madogo yasiyomtisha.

Mwanasaikolojia wa Kirusi, Lev Vygotsky, alilieleza jambo hili katika mhadhara aliotoa mwaka 1933. Watu wengi hudhani kwamba mchezo ni uhuru wa kufanya utakalo. Vygotsky alionyesha kwamba kila mchezo una kanuni, na kwamba mtoto anayecheza huzuia matamanio yake ya papo kwa papo kwa hiari, kwa kuwa raha ya kuifuata kanuni ni kubwa kuliko raha ya kuivunja. Mwaka 1948 mtafiti mwingine wa Kirusi, Manuilenko, alichapisha utafiti kuhusu watoto wadogo walioombwa kusimama tuli. Walipoombwa hivi hivi walichoka mapema. Walipopewa nafasi ya mlinzi katika mchezo, walidumu muda mrefu zaidi. Amri ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kusimama kulikuwa na maana kwao.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba njia ni moja kwa walimwengu wote. Mwaka 2018 Bettina Lamm na wenzake walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kwa watoto wa miaka minne wa Ujerumani na wa jamii ya Wanso nchini Kameruni. Kila mtoto aliwekewa kitu kitamu na kuambiwa kwamba akingoja ataongezewa cha pili. Idadi ya watoto wa Kinso walioweza kungoja, kwa kulinganisha na wenzao, ilikuwa zaidi ya maradufu. Watoto hao walikuwa wamelelewa katika familia za wakulima zenye kuthamini heshima na utii. Funzo kwetu ni kwamba kila utamaduni una karakana yake ya kujitawala. Yetu tunapaswa kuijua kabla ya kuagiza ya wengine.

Tanzu na Utendaji Wake

Katika makala yake ya mwaka 1989 katika jarida la Mulika, M. M. Mulokozi alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio linalofungamana na muktadha wake: fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Mtazamo huo unatufaa sana hapa, maana utulivu wa mtoto haumo katika maneno ya wimbo peke yake. Umo katika tukio zima.

Tuchukue bembezi. Hadhira yake ni mtoto mchanga ambaye haelewi hata neno moja. Kwa nini basi anatulia? Anasikia mapigo yanayorudi kwa wakati uleule, sauti ya chini aliyoizoea, joto la kifua na mwendo wa mikono. Mwimbaji naye, ili amudu kuimba, hulazimika kuvuta pumzi na kuitoa polepole. Pumzi inayotolewa taratibu hupunguza kasi ya moyo. Mama aliyekuwa karibu kukasirika hujituliza mwenyewe kabla hajamtuliza mwanawe. Bembezi, kwa hiyo, ina hadhira mbili, na ya pili ni fanani mwenyewe. Jambo hili halimo katika orodha zetu za dhima.

Mtoto akishajua kukaa huja michezo ya vidole. Mzazi hutembeza vidole polepole kutoka kiganja cha mtoto, kiwikoni, hadi kwapani ambako humtekenya. Mtoto anayeujua mchezo huanza kucheka kabla ya kuguswa. Anajifunza kungoja; msisimko unapanda, anauvumilia, kisha unashuka kwa kicheko. Mzazi mwenye busara hurefusha safari ya vidole kidogo kila siku. Vilevile husimama mara moja mtoto anaposema basi, kwa kuwa mtoto ambaye basi yake inaheshimiwa huelewa kwa urahisi basi ya wenzake.

Kibe, yaani kujificha na kutafutana, ni zoezi la hofu ndogo. Mama ametoweka nyuma ya mlango, moyo unadunda, mama huyoo! Mtoto hujaribu huzuni ya kuachwa akiwa mahali salama, naye hupata uthibitisho mara kumi kwa jioni moja kwamba aliyeondoka hurudi. Kwa watoto ambao wazazi wao huvuka kivuko alfajiri na kurejea usiku, mchezo huu una uzito ambao mtu mzima huenda asiutambue.

Ukuti, unaochezwa kwa duara huku watoto wameshikana mikono, hufundisha mwili kuongeza kasi na kusimama. Utamu wake umo katika kungoja mwisho ambapo wote huanguka pamoja. Anayeanguka mapema huuharibu. Mdako hudai mkono mwepesi na jicho lililotulia, na mwenye papara hupoteza vijiwe vyake. Kititia cha ukuti wa mnazi, kile kinachozunguka kwa upepo, kina kazi nyingine: mtoto anayekipuliza taratibu ili kizunguke bila kusimama anafanya zoezi la kupumua bila kuhubiriwa. Gharama yake ni jani moja la mnazi.

Kitendawili kinastahili aya yake. Kanuni zake twazijua: mmoja hutangaza, wengine humwambia atege. Tukitazame kwa jicho la malezi. Mtoto anayejua jibu hana ruhusa ya kulipayuka kabla ya zamu yake. Asiyejua hana haja ya kulia, kwa sababu utanzu umemwekea njia ya heshima ya kushindwa: anatoa mji. Anayeupokea mji huo hujigamba kwa maneno ya mzaha, kisha hutoa jibu, na mchezo huendelea. Kushindwa kumepewa bei, bei imelipwa, na hakuna aliyeaibika. Mzazi anayetega kitendawili na kukubali naye kutoa mji mbele ya mwanawe anamfundisha kwamba hata watu wazima hushindwa, nao hubaki watu wazima.

Ngano nayo hufanya kazi katika saa ambayo kwa mzazi ni ngumu kuliko zote, saa ya kulala. Fomula ya kufungulia ni mlango: Paukwa, Pakawa, na mtoto aliyekuwa akirukaruka anajua kwamba sasa ni wakati wa kukaa. Katika hadithi hukutana na zimwi, huogopa, hujibu kiitikio pamoja na msimulizi, kisha hushuhudia hofu ikiisha. Msimulizi hodari hushusha sauti kadiri mwisho unavyokaribia. Watoto hudai hadithi ileile usiku baada ya usiku, na wazazi huchoka. Lakini kurudiwa huko ndiko kunakomtuliza: anajua hofu itaingia wapi na itatokea wapi.

Ni muhimu kuongeza tahadhari moja. Michezo hii haifundishwi mtoto akiwa katikati ya kilio. Wakati huo masikio hayasikii. Kinachofaa ni mzazi kukaa karibu, kushusha sauti yake, kumshika mtoto akikubali kushikwa, na kulitaja jambo lililomkasirisha kwa maneno machache. Mchezo ni mazoezi ya siku za utulivu, kama vile mvuvi anavyoshona nyavu zake kabla ya kuingia baharini. Aidha, mtoto ambaye kilio chake hakikomi siku nyingi, au anayejiumiza, anahitaji kuonwa na mtaalamu wa afya.

Nani Anacheza na Mtoto wa Bofu?

Hapa panazuka pingamizi ambalo msomaji makini huenda ameshalifikiria. Je, ni kweli kwamba wazazi wetu walikuwa wakicheza na watoto? Robert LeVine na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 1994 kuhusu malezi ya Abagusii wa magharibi mwa Kenya, walieleza kwamba akina mama waliowachunguza waliwahi haraka kumtuliza mtoto aliaye, lakini walizungumza naye na kumtazama machoni kidogo kuliko akina mama wa Boston. Katika jamii nyingi za Afrika, mchezo ulikuwa kazi ya ndugu wakubwa na bibi. Pwani nayo haiko mbali na hali hiyo. Mama alibembeleza; bibi alisimulia; dada na kaka walicheza kibe na ukuti uani. Baba mara nyingi alikuwa barazani na kete za bao.

Pingamizi hili ni la haki, nalo ndilo linaloleta uzito wa suala letu. Kazi ilikuwa imegawanywa kwa watu wengi, na watu hao sasa wametawanyika. Familia nyingi za Bofu huishi katika vyumba vya kupanga, nyumba moja ikiwa na wapangaji kadhaa wanaotumia ua mmoja. Bibi amebaki Kwale, Kitui au Siaya. Dada mkubwa yuko shuleni mpaka jioni. Uwanja uliokuwa wa watoto umejengwa au umekuwa njia ya bodaboda na tuktuk. Wazazi wanaofanya kazi bandarini, hotelini au majumbani kisiwani hutegemea feri ya Likoni, na yeyote aliyewahi kupanga foleni pale jioni anajua mtu hufika nyumbani akiwa na hali gani. Mwanzoni mwa mwaka 2021 daraja la kuelea la waendao kwa miguu lilifunguliwa kati ya Liwatoni na Ras Bofu ili kupunguza msongamano huo, jambo linaloonyesha ni umati wa kiasi gani huvuka kila siku kutafuta riziki.

Mzazi huyo anapofungua mlango hukutana na mtoto aliyemngoja tangu asubuhi, naye mtoto huanza kulia kwa jambo dogo kabisa. Wote wawili wamechoka. Chumba ni kimoja, ukuta ni mwembamba, majirani wanasikia. Aibu ya kusikiwa humsukuma mzazi kunyamazisha. Ni katika dakika hizo ambapo kazi iliyokuwa ya ukoo mzima imemwangukia mtu mmoja. Kumwambia kwamba desturi haikumtaka baba acheze na mtoto hakumsaidii, kwa kuwa desturi hiyo ilimpa pia bibi, shangazi na ua uliojaa watoto. Vilipoondoka hivyo, zamu ilibaki kwake. Habari njema ni kwamba vyombo vinavyohitajika havinunuliwi dukani na havihitaji nafasi. Kitendawili huchezeka kitandani. Ngano huweza kusimuliwa huku ugali ukisongwa. Vidole vinavyotembea mkononi huhitaji dakika mbili.

Wajibu Wetu

Pwani imewahi kuonyesha kwamba vyombo hivi vinaweza kupangwa na kutumiwa kwa utaratibu. Katika miaka ya 1980, hapa Mombasa, ulianzishwa mpango wa shule za awali za madrasa kwa ufadhili wa Wakfu wa Aga Khan, Bi. Swafiya Said akiwa miongoni mwa waasisi. Mpango huo ulichanganya maadili ya dini na elimu ya chekechea, ukatumia nyimbo, hadithi na vifaa rahisi vinavyopatikana mtaani, kisha ukaenea hadi Zanzibar na Uganda. Kwa upande wa serikali, mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka 2019 unataja ushirikishwaji wa wazazi kuwa mojawapo ya nguzo zake. Mara nyingi, hata hivyo, mzazi hushirikishwa kwa kuagizwa kuleta maboksi na chupa tupu. Angeweza kuagizwa alete vitendawili vitatu alivyofundishwa na nyanya yake, kwa lugha yoyote.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu. Tukienda nyanjani kukusanya bembezi, hurudi na maneno yaliyonukuliwa na uchambuzi wa takriri na tashbihi. Ni nadra kuandika mkono ulikuwa wapi, sauti ilishuka lini, mtoto alikuwa na umri gani, alikuwa akililia nini, na ilichukua muda gani kutulia. Wala hatumuulizi mwimbaji alijisikiaje baada ya kuimba. Takwimu za namna hiyo zingeweza kumfaa mwalimu wa chekechea, muuguzi wa kliniki ya watoto na mzazi kijana asiye na bibi karibu. Zingeweza pia kuitajirisha nadharia yetu, maana zingetulazimisha kuichunguza hadhira ambayo haielewi maneno lakini huguswa na fasihi kuliko hadhira nyingine yoyote.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kueleza kwamba bembezi, michezo ya vidole, kibe, ukuti, mdako, kitendawili na ngano ni mazoezi ya kujitawala yaliyofungwa ndani ya raha. Kila kimojawapo humtaka mtoto angoje kidogo, aogope kidogo, ashindwe kidogo, kisha humrudisha salama. Sharti lake ni moja: lazima awepo mtu mzima wa kucheza naye. Kinasasauti huhifadhi wimbo, lakini hakiwezi kutoa mji kitendawili kikimshinda, wala hakina kifua cha kumlaza mtoto. Iwapo tanzu hizi zitabaki katika madaftari yetu tu, tutakuwa tumezinyamazisha. Mahali pake ni mapajani na uani, Bofu na kwingineko, ambako bado wapo watoto wanaongoja kuongolewa.